Kantata za Bach zisizoimbwa

Kantata ya kanisani ni utungo wa kwaya, waimbaji wa pekee na vyombo, uliokusudiwa ibada ya Jumapili moja au sikukuu moja. Johann Sebastian Bach, aliyezaliwa Eisenach mwaka 1685 na kufariki Leipzig mwaka 1750, ameacha kantata za kanisani zipatazo 200. Tanzia yake, iliyochapishwa mwaka 1754, inataja mizunguko mitano ya mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo huenda nyingine 100 zimepotea. Lakini hata hizo zilizosalia, nyingi hazisikiki. Ulimwengu unamjua Bach kwa tokata moja ya ogani, vipande vichache vya violini na sello, na korali ya kantata ya 147 inayopigwa harusini. Sehemu kubwa ya kazi aliyoifanya kwa jasho la kila wiki imebaki kwa wataalamu.

Sababu ya kwanza ni jinsi kazi zenyewe zilivyotumika. Bach alianza kazi Leipzig mwaka 1723. Kwa miaka ya mwanzo alitunga kantata karibu kila wiki, wanafunzi na jamaa zake wakanakili sauti kwa mkono, vijana wa shule ya Mtakatifu Thoma wakaimba Jumapili, kisha karatasi zikawekwa. Kati ya kantata zilizobaki, ni moja tu, ya 71, iliyochapwa alipokuwa hai, mwaka 1708. Alipofariki, hati ziligawanywa kati ya warithi, na mwanawe Wilhelm Friedemann aliuza sehemu yake. Uchapishaji wa kazi zote ulianza mwaka 1850, miaka 100 baada ya kifo chake, na ukachukua takriban nusu karne.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kantata nyingi zimejengwa juu ya korali, yaani nyimbo za kitabu ambazo Walutheri wa Leipzig walizijua tangu utoto. Msikilizaji asiyezijua husikia ufundi tu. Maneno ambayo sauti zile ziliyaamsha moyoni mwa waumini hayamfikii. Hapo ndipo mwimbaji wa Makandana, kata ya mji wa Tukuyu yenye hospitali ya Wilaya ya Rungwe, anapokuwa karibu na Bach kuliko watu wengi wanaolipa kiingilio kwenye kumbi za Ulaya.

Wamisionari wa Moravian, akiwemo Theodor Meyer, walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891. Mwaka huohuo walifika pia wale wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky. Makao ya Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian yapo Rungwe hadi leo, na ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) yapo Tukuyu. Makanisa haya yote mawili yamerithi sauti za korali za Kijerumani, ambazo watu wameziimba kwa Kinyakyusa na Kiswahili. Mizizi yenyewe ni jirani: Herrnhut, kijiji walikotoka Wamoravian, kilianzishwa Saxony mwaka 1722, na Leipzig ya Bach ilikuwa Saxony hiyohiyo. Isitoshe, Misa ya Bach katika B ndogo iliimbwa kwa ukamilifu Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1900 ndani ya kanisa la Moravian la Bethlehem, Pennsylvania, chini ya uongozi wa J. Fred Wolle.

Mfano bora ni kantata ya 25, iliyoimbwa Leipzig tarehe 29 Agosti 1723. Injili ya siku ile ni ya watu kumi wenye ukoma, Luka 17. Kwaya inaanza na Zaburi 38, kilio cha mtu ambaye mwili wake hauna uzima. Wakati kwaya ikiimba hayo, tromboni tatu na pembe ya mbao iitwayo korneto, zikiungwa mkono na filimbi, zinapiga juu yake wimbo mwingine kabisa, tena bila maneno. Ni sauti ya mtunzi Hans Leo Hassler ya mwaka 1601, ambayo Walutheri na Wamoravian wengi wanaijua kama wimbo wa Ijumaa Kuu wa kichwa cha Yesu kilichojeruhiwa. Mgonjwa analia, na matarumbeta yanajibu. Asiyeujua wimbo ule hawezi kulisikia jibu. Wamoravian, ambao kwa desturi yao matarumbeta hupiga korali makaburini alfajiri ya Pasaka, hawahitaji kuelezwa.

Baada ya hapo mwimbaji wa sauti ya tena (tenor) anaimba kwamba dunia nzima ni hospitali, ambamo wakubwa kwa watoto wamelala hoi. Besi anatafuta tabibu. Katika sehemu hizi Bach ameondoa vyombo vyote isipokuwa vile vya sauti ya chini. Mgonjwa yuko peke yake. Kisha soprano anapofikia shukrani, violini, zumari na filimbi zinarudi zote kwa mwendo wa dansi. Kantata nzima ni kama robo saa. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hakuna kazi ya Bach inayosema kweli zaidi kuhusu ugonjwa, na ni aibu kwamba tokata inajulikana nayo haijulikani.

Kuziimba kantata hizi hakuhitaji okestra kwa kuanzia. Korali za Bach za sauti nne zipatazo 370, ambazo mwanawe Carl Philipp Emanuel alisaidia kuzichapisha kati ya 1784 na 1787, zinaandikika kwa sol-fa, njia ileile ya kunakili nyimbo inayotumiwa na walimu wa kwaya wa Rungwe. Tungo zenyewe hazina tena hakimiliki ya kulipiwa. Mwalimu wa kwaya anayetaka kuanza aichukue korali ya mwisho ya kantata ya 25: haifiki dakika mbili, na sauti zote nne zimo ndani ya uwezo wa kwaya ya usharika.