Three Kings: Dhahabu ya Kuwait yawaweka askari njia panda

VITA vya Ghuba vilisimama Februari 28, 1991, baada ya majeshi ya muungano yaliyoongozwa na Marekani kuyafukuza majeshi ya Iraq kutoka Kuwait. Filamu ya Three Kings, iliyotoka Oktoba 1999, inaanzia hapo: askari wa Marekani wanasherehekea ushindi ambao wengi wao hawakuushiriki kwa mikono yao, kwani kazi kubwa ilifanywa na ndege.

Filamu hiyo iliandikwa na kuongozwa na David O. Russell kutokana na hadithi ya John Ridley. Jina lataja wafalme watatu, ingawa wahusika wakuu ni wanne: Meja Archie Gates (George Clooney), Troy Barlow (Mark Wahlberg), Chief Elgin (Ice Cube) na Conrad Vig (Spike Jonze). Mamajusi walipeleka dhahabu; hawa wanaifuata ili waichukue.

Kisa kinaanza pale mateka wa Kiiraki anapokutwa na ramani aliyoificha sehemu isiyotajika ya mwili. Ramani inaonyesha mahandaki yenye dhahabu iliyoporwa Kuwait. Gates anaamini wataondoka alfajiri na kurejea kabla ya chakula cha mchana.

Ajabu ni kwamba dhahabu wanaipata kwa urahisi. Askari wa Saddam Hussein hawawazuii, kwa kuwa shabaha yao ni raia walioasi. Ni pale mwanamke anapopigwa risasi mbele ya mumewe na mtoto wao ndipo Gates anaposhindwa kuondoka.

Hapo filamu inagusa jeraha la kweli. Februari 15, 1991, Rais George H. W. Bush aliwahimiza Wairaki kumwondoa Saddam. Mwezi uliofuata Washia wa kusini na Wakurdi wa kaskazini waliinuka, lakini Marekani haikuwasaidia. Masharti ya kusitisha mapigano yaliiachia Iraq kurusha helikopta, nazo zikatumika kuwasaka waasi.

Onyesho zito kuliko yote ni la Barlow akihojiwa na Kapteni Said (Saïd Taghmaoui). Said anaanza kwa kumuuliza habari za Michael Jackson, kisha anamweleza jinsi bomu la Kimarekani lilivyomuua mtoto wake. Barlow naye ni baba wa mtoto mchanga. Anapojitetea kwamba walikuja kuleta utulivu, anamiminiwa mafuta ghafi kinywani. Ni filamu chache za vita za Hollywood zilizompa adui nafasi kama hiyo ya kusema.

Picha zilipigwa kwa kiasi kikubwa katika jangwa la Arizona, kwa rangi zilizopauka kwa makusudi. Ugomvi wa Clooney na Russell wakati wa kazi hiyo ulijulikana baadaye kote.

Mwaka 2004, majeshi ya Marekani yakiwa tena Iraq, Russell alitengeneza filamu fupi ya kumbukumbu, Soldiers Pay, iandamane na toleo jipya la Three Kings. Kampuni ya Warner Bros. iliitupa kabla ya uchaguzi wa rais.

Kasoro ya Three Kings ni mwisho wake, mwepesi kuliko yaliyotangulia: dhahabu inatolewa ili wakimbizi wavuke kuingia Iran. Maandishi ya kufungia yanasema dhahabu ilirudishwa Kuwait, nayo Kuwait ikadai kwamba nyingine haikuonekana.