Chakula cha Mzazi katika Pwani ya Pangani

Mgeni atokaye bara akifika Ushongo, kijiji cha wavuvi kilicho kusini ya mlango wa Mto Pangani, atasikia neno mzazi likitumiwa kwa maana asiyoizoea. Vitabu vyetu vya shule vyasema kwamba mzazi ni baba au mama wa mtoto. Lakini wanawake wa Mrima wasemapo, "Nyumba ile ina mzazi," maana yao ni mwanamke aliyejifungua karibuni, ambaye siku zake arobaini hazijatimia. Basi, nyumba yenye mzazi ina sheria zake: kuna mtu wa kumwogesha, kuna mtu wa kumtekea maji, na zaidi ya yote kuna mtu wa kumpikia. Chakula chake hakifanani na chakula cha watu wengine, maana hupikwa kwa nia moja, nayo ni kwamba maziwa yashuke, yajae, wala yasikauke.

Katika makala hii twataka kutazama chakula hicho kilitoka wapi, na kina kweli gani ndani yake. Jambo hili si dogo. Mwalimu huulizwa habari zake na wake za wanafunzi wake, na kasisi huitwa katika nyumba ambayo mtoto analia usiku kucha na bibi yake anasema, "Mama huyu hana maziwa." Neno hilo likisemwa vibaya huweza kumpotezea mtoto uhai.

Kwanza tutazame maneno, maana lugha ni ghala ya desturi. Kwa Kiswahili, ziwa ni titi la mama, tena ni maji mengi yaliyokaa mahali pamoja. Na maziwa ni wingi wa yote mawili, kisha ni kile kinywewacho chenyewe. Maziwa ya kwanza, yale mazito yenye rangi ya manjano, huitwa dang'a. Kumwachisha mtoto kunyonya, wazee waliita kumlikiza. Lugha yenye jina kwa kila hatua hii ni lugha ya watu walioangalia mambo hayo kwa makini tangu zamani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903, hakuyaona mambo ya uzazi kuwa ya aibu au ya kupuuzwa. Aliyaandika pamoja na mambo ya elimu, safari na sheria.

Sasa tuje kwenye chungu. Vyakula vinavyosifiwa na wakunga wa pwani kuwa huleta maziwa ni hivi: uji wa mtama, au wa unga mwingine, uliotiwa pilipili manga, mchuzi wa kuku wenye pilipili manga na tangawizi, supu ya samaki, na supu ya pweza, tende, karanga, mboga za majani zilizopikwa kwa tui la nazi, na uwatu, yaani zile mbegu ndogo za manjano, chungu kidogo, ambazo hulowekwa usiku mmoja zikatoa utelezi, kisha hutiwa katika uji. Vyote huliwa vya moto, kwa kuwa wazee husema baridi hufunga maziwa.

Mtu akikitazama chungu hiki vizuri, ataona historia yote ya pwani imo ndani yake. Mtama ni nafaka ya Afrika yenyewe. Ulilimwa katika bara hili kabla mahindi hayajajulikana. Pweza ni mali ya mwambani. Maji yakitoka wakati wa bamvua, wanawake hushuka na vijiti vyao kumchokoa katika mashimo yake, wala hawahitaji mashua wala nyavu. Pilipili manga yaeleza safari yake kwa jina lake: asili yake ni Bara Hindi, katika pwani ya Malabari, lakini watu wetu waliiita kwa jina la Manga, yaani Arabuni, kwa sababu walioileta walikuwa mabaharia wa huko. Tende nazo zilikuja kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi kutoka Oman na Ghuba. Karanga hazikutoka mashariki kabisa. Asili yake ni Amerika ya Kusini, nazo zilifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Basi uji wa mama mmoja katika kibanda cha makuti huko Ushongo umekusanya mabara matatu.

Uwatu una habari ndefu kuliko vyote. Mbegu zake zilionekana katika kaburi la Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa zaidi ya miaka 1300 kabla ya kuzaliwa Kristo. Warumi waliulisha ng'ombe wao, wakauita nyasi kavu za Kiyunani. Waarabu huuita hulba, na msomaji ajuaye Kiarabu ataona kwamba herufi zake tatu za asili ni zile zile zilizomo katika halib, yaani maziwa. Hatusemi kwamba neno moja limezaliwa na jingine. Twasema tu kwamba masikio ya Waarabu yaliyasikia pamoja. Na Wahindi, ambao huuita methi, nao humpikia mzazi.

Wala si watu wa pwani tu wenye desturi hii. Katika kitabu cha uganga cha Wamisri wa kale kiitwacho Ebers, kilichoandikwa yapata miaka 1550 kabla ya Kristo, imo dawa ya kuleta maziwa: mifupa ya samaki ipashwe moto katika mafuta, na mama asuguliwe mgongo kwayo. Wachaga wa Kilimanjaro humpikia mzazi mtori, yaani ndizi na nyama zilizopondwa zikawa supu nzito. Wagikuyu wa Kenya humpa njahi, zile kunde nyeusi zenye mstari mweupe, ambazo kwao ni chakula cha heshima cha mwanamke aliyezaa. Vyakula ni mbalimbali, lakini vyote hufanana kwa mambo matatu: ni vya majimaji, ni vya kutia nguvu, na vyote hupikwa na mtu mwingine, si mzazi mwenyewe.

Jambo hili la tatu ndilo tunalotaka wasomaji walishike, maana hapo ndipo ilipo siri ya desturi yote.

Wataalamu wa siku hizi wameuliza, je, ni kweli kwamba chakula fulani huongeza maziwa? Mwaka 2020 yalikusanywa pamoja majaribio 41, ya akina mama zaidi ya 3000 katika nchi zisizopungua 17, ya dawa na vyakula vya namna hii, uwatu ukiwamo. Jawabu lilikuwa la tahadhari: huenda baadhi ya vyakula hivyo vikasaidia, lakini ushahidi ni dhaifu, wala hauwezi kutegemewa sana. Uwatu si sumu ukitumiwa kama kiungo cha chakula, lakini ukiliwa kwa wingi hushusha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa kisukari amwulize mganga wa hospitali kwanza. Na mwenye mimba asiutumie kama dawa.

Basi, maziwa huletwa na nini? Huletwa na mtoto mwenyewe. Anapovuta titi, habari hupelekwa katika ubongo wa mama, na kutoka huko hushuka vitu viwili katika damu. Kimoja, prolaktini, huamuru maziwa yatengenezwe. Cha pili, oksitosini, huyasukuma yatoke. Titi likitolewa maziwa mara nyingi, hutengeneza mengi. Likiachwa limejaa, hupunguza kazi yake. Usiku prolaktini huwa nyingi kuliko mchana, na kwa hiyo kunyonya kwa usiku kuna faida ya pekee. Lakini hofu, maumivu na uchovu mwingi huizuia oksitosini, maziwa yakawamo na yasishuke. Tena mama anyonyeshaye hutoa karibu robo tatu ya lita kwa siku, na mwili wake hutaka chakula zaidi ya desturi, kiasi cha mlo mmoja mzuri.

Sasa tuwarudie wazee. Hawakujua neno prolaktini, walakini walimweka mama ndani siku arobaini, mtoto akiwa ubavuni pake mchana na usiku, wakamwondolea kuni, maji na jembe, wakamlisha vya moto na vya majimaji, wakamwambia kila siku, "Kula, mwanangu, maziwa yashuke." Mama aliyetulia, aliyeshiba, ambaye mtoto wake yu kifuani muda wote, alipata maziwa. Watu wakausifu uwatu na pweza. Hawakukosa kabisa, walitaja sehemu ya jambo wakaiacha ile iliyo kubwa, kwa sababu ile iliyo kubwa ilikuwa kawaida ya nyumba, wala hapana aliyefikiri kuitaja.

Hasara ilionekana kawaida hiyo ilipovunjika. Mwaka 1893 mkonge wa kwanza ulipandwa Kikogwe, ng'ambo ya Pangani, upande ule ule wa mto ulipo Ushongo. Ulikuwa miche sitini na kitu tu iliyosalia katika elfu moja iliyoletwa na Richard Hindorf kutoka Florida. Kutoka hapo Tanga ikawa nchi ya mkonge. Kazi ya kipande ilihesabu siku thelathini. Haikuhesabu arobaini za mzazi. Mke wa mtu aliyetoka mbali kuja shambani hakuwa na mama yake wala shangazi wa kumpikia. Uji wa pilipili manga aliweza kuupika mwenyewe, lakini mapumziko hayapikiki.

Kisha yakaja maziwa ya kopo. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alisimama mbele ya watu wakubwa wa Singapore akawaambia wazi kwamba kuwashawishi akina mama maskini waache kunyonyesha, wawape watoto maziwa ya kopo, ni kuua. Ilipita miaka mingi kabla ulimwengu haujamsikiliza. Mwezi wa Mei 1981 Shirika la Afya Duniani lilikubali kanuni za kuzuia biashara ya namna hiyo, na Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994.

Huyo huyo Cicely Williams alifundisha jambo jingine linalotuhusu. Alipokuwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, aliujulisha ulimwengu ugonjwa wa kwashiokori kwa jina la wenyeji. Nao walisema ni ugonjwa umpatao mtoto mkubwa azaliwapo mdogo wake. Wasomaji wa pwani watalikumbuka neno letu kubemenda. Wazee walisema kwamba baba na mama wakikutana kabla mtoto hajalikizwa, mtoto hudhoofika. Kwamba tendo lenyewe humdhuru mtoto si kweli. Lakini waliona kwa macho yao mtoto aliyeondolewa kifuani mapema kwa ajili ya mimba nyingine akikonda na kuvimba miguu, wakatafuta sababu. Ubaya wa neno hili ni kwamba humtia mama aibu, naye kwa aibu humficha mtoto asipelekwe hospitali. Mwalimu asiicheke imani hii, aseme, "Wazee waliona kweli, lakini dawa yake si lawama, ni chakula na mganga."

Na yako makosa mengine ya desturi yasiyopasa kunyamaziwa. Mahali pengi dang'a humwagwa, kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa machafu. Hayo siyo machafu. Ni kinga ya kwanza ya mtoto, na kidogo chake chamtosha kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Maziwa mengi hufuata baada ya siku mbili au tatu. Kosa la pili ni kumpa mtoto maji au uji mwepesi kabla ya miezi sita, kwa kuwa analia. Akijazwa maji hanyonyi, asiponyonya, maziwa hupungua, nao walio karibu husema, "Hatukuwaambia kwamba hana maziwa?" Wamelizua jambo lile lile walilolitabiri. Tanzania imeendelea katika hili: waliopewa maziwa ya mama peke yake katika watoto walio chini ya miezi sita walikuwa 41 katika kila mia mwaka 2004, na 59 katika kila mia ilipofanywa hesabu ya 2015 na 2016.

Basi mwalimu au kasisi akiitwa katika nyumba ya mzazi, afanye nini? Asikiondoe chungu. Uji, samaki, kunde, mboga na tende ni chakula chema, na mkono wa bibi umpikiaye mjukuu wake una thamani kuliko dawa ya dukani. Aulize maswali haya: Je, mtoto hunyonya mara ngapi, na usiku je? Je, hukojoa mara sita au zaidi kwa siku? Je, uzito wake waongezeka kliniki? Kama ndiyo, maziwa yapo, na kilio kina sababu nyingine. Kama sivyo, apelekwe kwa mganga siku ile ile. Kisha amgeukie baba mwenye nyumba, amwulize ni nani atekaye maji. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na baadaye muda usiozidi saa mbili kila siku za kunyonyesha. Mke wa mvuvi na wa mkulima hana sheria hiyo. Likizo yake yatoka katika moyo wa jamaa zake.

Katika Biblia twasoma kwamba Hana alikataa kupanda kwenda Shilo mpaka amlikize Samweli, na mumewe akamwambia akae. Majirani zetu Waislamu nao husoma katika sura ya pili ya Kurani kwamba akina mama hunyonyesha miaka miwili kamili, na kwamba chakula na mavazi yao ni juu ya baba. Wazee wa pwani waliliweka jambo lilo hilo katika desturi, wakalitia pilipili manga. Wasemao kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi wamesema kweli; lakini kazi ya kumtunza mzazi huyo ni ya nyumba nzima.