Pumu kwa watoto: Inhela hufanyaje kazi mtoto anapobanwa kifua?

Mtoto mwenye pumu anapobanwa, misuli inayozunguka njia za hewa kwenye mapafu hukaza, kuta zake huvimba na makohozi huongezeka. Kifua hutoa mlio kama filimbi na pumzi huwa fupi.

Dawa ya kwanza ni salbutamol ya kuvuta, inayopatikana kwenye inhela. Kila mpulizo kwa kawaida hutoa mikrogramu 100. Kwa kuwa dawa hufika moja kwa moja kwenye mapafu, misuli huanza kulegea ndani ya dakika chache. Vidonge na sharubati ya salbutamol hupitia tumboni kwanza, hivyo hukawia na huleta zaidi mapigo ya moyo ya kasi na kutetemeka mikono.

Watoto wengi hawawezi kubonyeza inhela na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja, na dawa huishia kooni. Ndiyo maana hutumiwa speisa, chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo. Watoto wadogo huongezewa barakoa.

Je, speisa isipopatikana? Utafiti wa Heather Zar na wenzake mjini Cape Town, Afrika Kusini, uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1999, ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela, inaweza kufanya kazi sawa na speisa ya dukani.

Jinsi ya kutumia: mkalishe mtoto wima, tikisa inhela, bonyeza mara moja, kisha mwache apumue taratibu mara 5 hivi kupitia speisa. Tikisa tena kabla ya kila mpulizo. Fuata idadi uliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Mkimbize hospitali iwapo hapati nafuu, hawezi kuzungumza au kunyonya, mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, au midomo imekuwa ya buluu. Endelea kumpa dawa mkiwa njiani.

Wazazi wengine huchelewesha inhela wakihofia mtoto "ataizoea". Salbutamol haileti uraibu. Lakini tukiona mtoto anaihitaji mara kwa mara, tujue pumu yake haijadhibitiwa. Huenda akahitaji pia steroidi ya kuvuta kila siku, ambayo hupunguza uvimbe na kuzuia shambulio jingine.