Koili na Uzi Wake: Historia Fupi kwa Akina Mama

  

Leo tutazungumza juu ya koili, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kitanzi au lupu. Wiki nyingi maswali yenu kuhusu koili yanafanana. Je, ni kweli kwamba hupanda hadi kwenye moyo? Je, mama akibeba mtungi wa maji kutoka kwenye kisima cha laga, itaanguka? Je, mume ataumizwa? Maswali haya hayakuja bure. Kifaa hiki kimepita njia ndefu, na njiani yalitokea makosa ambayo wanawake waliyalipia kwa uhai wao. Kwa hiyo kabla ya kujibu, tusikilize historia yake.

Iko hadithi ambayo hupenda kusimuliwa na waalimu wa uzazi. Husemwa kwamba zamani wasafiri wa jangwani walitia vijiwe katika mji wa mimba wa ngamia jike ili asishike mimba safarini. Sisi tunaofuga ngamia tunaweza kucheka, na ni haki yetu, kwa sababu hakuna ushahidi wowote wa hadithi hiyo. Habari za kweli zinaanza Ujerumani.

Mwaka 1909 daktari mmoja wa huko, Richard Richter, aliandika juu ya pete aliyoitengeneza kwa utumbo wa kiwavi wa hariri. Mnamo miaka ya 1920 daktari mwingine, Ernst Gräfenberg wa Berlin, alitengeneza pete ya waya wa fedha. Pete yake ilifanya kazi, lakini madaktari wengi waliipinga wakihofia maambukizo. Mwenyewe alikuwa Myahudi, akafungwa na serikali ya Hitler mwaka 1937, na baada ya kuachiliwa alikimbilia Marekani. Sasa angalieni jambo moja: pete ile haikuwa na uzi. Mwanamke akishawekewa hakuwa na njia ya kujua kama bado ipo, na kuitoa ilikuwa kazi ngumu.

Baada ya vita vikuu vya pili ikaja plastiki. Mwaka 1962 Daktari Jack Lippes wa mji wa Buffalo, Marekani, alitoa kifaa cha plastiki kilichojikunja kama nyoka. Hicho ndicho kilichoitwa lupu. Lippes alikifunga uzi mwembamba unaotokea kwenye shingo ya uzazi. Kwa uzi huo mwanamke angeweza kujipima mwenyewe, na muuguzi angeweza kukitoa bila upasuaji. Majina lupu na koili yametokana na vile vifaa vya kujikunja vya zamani, ingawa vya leo havifanani navyo tena.

Wakati huo Kenya nayo ilikuwa imeanza. Mwaka 1967 nchi yetu ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kuweka mpango rasmi wa serikali wa upangaji uzazi, na koili ilikuwa mojawapo ya njia zilizotolewa.

Kisha likaja balaa. Mwaka 1971 kampuni ya A.H. Robins ya Marekani ilianza kuuza kifaa kilichoitwa Dalkon Shield. Uzi wake haukuwa uzi mmoja laini. Ulikuwa nyuzi nyingi ndogondogo zilizofungwa pamoja ndani ya ala. Mama, wewe unajua utambi wa taa ya koroboi unavyovuta mafuta kutoka chini kwenda juu. Uzi ule ulivuta viini kwa namna hiyo hiyo, kutoka ukeni hadi ndani ya mji wa mimba. Wanawake wengi waliugua maambukizo ya nyonga, wengine wakawa tasa, na baadhi ya waliopata mimba kifaa kikiwa ndani walikufa. Kiliacha kuuzwa Marekani mwaka 1974, na mwaka 1985 kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika kwa sababu ya kesi nyingi. Wakati huo kilikuwa kimeshapelekwa katika nchi nyingi maskini kwa njia ya misaada, kingine bila hata kusafishwa viini.

Basi mwanamke anapoogopa koili, tusimwite mjinga. Hofu hiyo ina asili yake. Lakini tujue pia kwamba kifaa kile si hiki kinachotumika leo.

Koili ya leo ina umbo la herufi T. Umbo hilo lilibuniwa na Daktari Howard Tatum wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Daktari Jaime Zipper wa Chile aligundua kwamba shaba, madini yale ya nyaya za umeme, huzuia mimba, na wawili hao wakaunganisha kazi zao. Kifaa kinachotumika zaidi huitwa Copper T 380A. Namba 380 ni ukubwa wa eneo la shaba kwa milimita mraba. Shaba hudhoofisha mbegu za mwanamume zisilifikie yai. Katika mwaka wa kwanza, kati ya wanawake 100 wanaoitumia, hata mmoja hafiki kupata mimba. Hudumu kwa miaka 10 hadi 12, na uzi wake ni laini, hauvuti viini. Mwaka 1990 ilitokea pia Finland koili yenye homoni, ambayo hupunguza damu ya mwezi.

Hata hivyo, hapa Kenya watumiaji walipungua. Mwaka 1993 wanawake walioolewa wanaotumia koili walikuwa kama 4 kati ya 100. Kufikia mwaka 2003 walikuwa 2 hivi. Sindano ilipendwa zaidi, uvumi ulienea, na wahudumu wengi walipoteza mazoea ya kuiweka. Hilo la mwisho ni zito, kwa sababu usalama wa koili unategemea sana mkono unaoiweka.

Tueleze basi inavyotakiwa kuwekwa. Kwanza mhudumu akuulize maswali na ahakikishe huna mimba wala dalili za maambukizo. Akupime kwa mkono ajue mji wa mimba umelala upande gani. Asafishe shingo ya uzazi. Kisha apime kina kwa kijiti chembamba. Mara nyingi huwa kati ya sentimita 6 na 10. Ndipo aiweke koili taratibu mpaka juu kabisa ya mji wa mimba, akate uzi na kuacha kama sentimita 3. Ikikaa chini mno, hutoka kwa urahisi na mimba inaweza kuingia. Kina kisipopimwa, mji wa mimba unaweza kutobolewa. Hilo hutokea mara chache, kama mara 1 au 2 katika kuwekewa 1,000, na hatari huongezeka kwa mama anayenyonyesha. Inaweza kuwekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, au kuanzia wiki ya 4.

Na madhara? Tumbo huuma siku chache. Miezi 3 hadi 6 ya kwanza, koili ya shaba huongeza damu ya mwezi na maumivu. Kwa mama ambaye kiangazi kimemwacha na upungufu wa damu, hili si jambo dogo; amweleze mhudumu kabla ya kuchagua. Maambukizo, yakitokea, huwa hasa katika siku 20 za kwanza. Kati ya wanawake 100, wachache, kama 5 hivi, koili hutoka yenyewe katika mwaka wa kwanza. Huitoa mji wa mimba unapojikaza, si mtungi wa maji wala kuni.

Moyoni haifiki, kwa maana mji wa mimba hauna njia ya kwenda moyoni. Mume akihisi uzi, urudi ukakatwe vizuri. Nayo haizuii Ukimwi wala magonjwa ya zinaa. Kondomu bado inahitajika.

Mama anayefuata mifugo kuelekea milima ya Loima hawezi kurudi kliniki kila miezi mitatu. Kwake koili inaweza kuwa msaada mkubwa. Lakini uamuzi ni wake. Asilazimishwe kuwekewa, na akitaka itolewe, itolewe siku yoyote, bila kuombwa sababu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa haki ya afya ya uzazi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Muulize mhudumu kama amefunzwa kuweka koili. Kama hakuna aliyefunzwa, omba uelekezwe kituo kingine au hospitali ya Lodwar.
2. Rudi kuangaliwa baada ya wiki 3 hadi 6.
3. Nawa mikono, kisha gusa uzi baada ya damu ya mwezi. Usiuvute.
4. Nenda kituoni haraka ukiona: uzi umepotea au umerefuka, hedhi imekosekana, maumivu makali ya tumbo, homa, au uchafu wenye harufu mbaya. Hedhi ikikosekana na tumbo likiuma upande mmoja, huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Usingoje kesho.

SWALI LA KUJADILIANA KIKUNDINI

Ni habari gani ya koili uliyoisikia kisimani au sokoni? Je, baada ya kipindi hiki unaionaje?