Mzigo wa Askari

Msomaji wangu, ukisimama Malaba au Busia utaona malori yakingoja zamu ya kuvuka mpaka wa Uganda. Yatazame vema, kisha ujiulize: kama yasingekuwako, mizigo ile yote ingechukuliwa na nani? Swali hilo litakusaidia kulifahamu jeshi la Wajerumani lililopigana katika Afrika ya Mashariki tangu 1914 hadi 1918.

Vita vilipoanza, jeshi hilo lilikuwa na kombania 14. Kila moja ilikuwa na askari Waafrika wapatao 160, Wajerumani wachache, na bombomu, yaani bunduki za kumimina risasi. Iligawanywa katika vikosi vitatu, na chini ya Wajerumani walikuwako wakubwa Waafrika, kama vile shaushi na ombasha. Askari wengi walichukua bunduki ya namna ya 1871, iliyotiwa risasi moja moja, na moshi wake mzito ulimfichua mpigaji. Waliposhinda Tanga, Novemba 1914, waliteka mamia ya bunduki mpya na risasi laki sita.

Lakini risasi haina miguu. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo bombomu, masanduku ya risasi na magunia ya unga yalikwenda kichwani mwa watu. Kombania ilihitaji wapagazi wengi kuliko askari. Tena mpagazi wa chakula naye hula: safari ikirefuka, huumaliza mzigo wake mwenyewe kabla haujamfikia askari.

Waingereza walipatwa na shida iyo hiyo. Mwaka 1917 waliwakusanya watu kwa nguvu, na wengi walitoka magharibi ya Kenya. Siku hizo reli haijafika Malaba, iliishia Kisumu. Vijana waliacha majembe, wakapelekwa nchi wasiyoijua, wasiyokuwa na ugomvi nayo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, na wengi wao hawakuuawa na risasi, bali na kuhara, homa na njaa.

Jeshi lao liliitwa "Carrier Corps", na jina hilo hata leo limo katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Basi, msomaji, usomapo habari za vita, usihesabu bunduki tu. Uliza ni nani aliyezibeba, na kama alirudi kwao.