Kadhi Aliyerudi Jamvini

Mnamo 1883 Sayyid Barghash bin Said alimpa ukadhi wa Unguja kijana wa miaka 22, Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumeit, mzaliwa wa Itsandraa, Ngazija. Umri huo ndio ambao leo vijana wetu hutoka chuo kikuu, na jamaa wakafurahi wakisema: "Amemaliza kusoma." Neno hilo, amemaliza, ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Kwani miaka miwili tu baadaye kadhi yule aliiacha kazi yake, akasafiri kwenda kutafuta walimu.

Tusimpambe kupita kiasi. Mambo baina yake na Sayyid Barghash yalikuwa yamekwisha kuharibika, na mwenye kukhitilafiana na mfalme hana budi kuhama. Lakini njia zilikuwa nyingi. Angeweza kurejea kwao Ngazija akaishi kwa biashara na heshima ya ukoo wake. Yeye alikwenda Istanbul kwa Sayyid Fadhl bin Alawi, mwanachuoni ambaye Waingereza walimtoa Malabar mwaka 1852, akakaa mbele yake kama mwanafunzi. Akapita pia Misri na Makka. Alirudi Unguja mwaka 1888, Barghash amekwisha kufa, akashika tena ukadhi.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa tukumbuke ijaza ilikuwa nini. Haikuwa hati ya kuhitimu. Ilikuwa ruhusa ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, aghalabu juu ya kitabu kimoja: umekisoma kwangu, nami nilikisoma kwa fulani, basi nenda ukakisomeshe. Mtu aliweza kukusanya ijaza za miji mingi na bado akabakiwa na vitabu ambavyo hana ruhusa navyo. Hapakuwa na siku ya kuvaa joho na kuagana na jamvi.

Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu alikuwa rika la Ibn Sumeit, tena alisoma kwake. Tulizingatie hilo, maana kumkubali mtu wa umri wako kuwa mwalimu wako ni kuzito kuliko safari ya Istanbul. Na alipokuwa ameshakuwa mwalimu anayetegemewa, mnamo 1896 na 1897 alisafiri Hadhramaut kuwazuru masheikh wa huko na kuchukua kwao, akaiandikia safari hiyo kitabu kwa Kiarabu. Zama za majahazi, mwenye kwenda Arabuni alingoja kusi na mwenye kurudi alingoja kaskazi. Haikuwa semina ya siku mbili yenye posho. Madrasa yake ya Ukutani ilisomesha wengi, na karibu na mwaka 1914 alifika hadi Cape Town kusuluhisha Waislamu waliohitilafiana juu ya sala ya Ijumaa. Wote wawili walifariki 1925.

Nimeacha mwisho jambo ninalolipenda zaidi. Ibn Sumeit, kadhi wa kadhi, aliandika kitabu kiitwacho Al-Ibtihaj kueleza istilahi za Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kila msomaji wa fiqhi ya Kishafi hukutana nacho. Nawawi hutumia maneno kwa mizani: akisema al-adhhar, khitilafu ni baina ya kauli za Imam Shafi mwenyewe, akisema al-asahh, ni baina ya rai za wafuasi wake. Asiyeijua tofauti hiyo husoma ukurasa mzima asijue nani anasema.

Na miongoni mwa istilahi hizo zimo mbili: al-qadim na al-jadid. Ya kale ni kauli za Shafi alipokuwa Iraq. Mpya ni zile za Misri, alikohamia mwishoni mwa umri wake na kufariki mwaka 820. Alikuwa imamu tayari, ana wanafunzi na vitabu, akayapitia upya mengi aliyokwisha kuyafutu, na mengine akayaacha. Kwa hivyo kila mwanafunzi aliyeifungua Minhaj katika misikiti ya Unguja na Lamu, hata kabla hajaota ndevu, alikutana na maneno mawili yanayoonyesha kwamba mwenye madhehebu yake alibadili rai akiwa mtu mzima.