Tarehe ya Waya wa Commodore

Wa kwanza katika ukoo huu ni PET, kompyuta ya kampuni ya Commodore, iliyoonyeshwa Marekani Januari 1977. Waya wake, IEEE-488, ulibuniwa na Hewlett-Packard kwa vifaa vya maabara. Biti nane zilipita kwa pamoja, na printa na visoma diski viliungwa kimoja nyuma ya kingine. Waya mzuri, ila ghali, na kebo zake zikaadimika. Jack Tramiel, mwasisi wa kampuni, akaagiza kompyuta ijayo isiutumie.

PET ikazaa VIC-20, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1980. Tundu likawa la pini sita, biti zikapita moja moja. Mafundi waliitegemea chipu ya 6522 izisafirishe yenyewe, kumbe ina kasoro: biti ziliweza kupotea. Kazi yote ikaangukia prosesa.

VIC-20 ikafuatiwa na Commodore 64, mwaka 1982. Chipu yake mpya haikuwa na kasoro ile, lakini ilitakiwa ielewane na vifaa vya VIC-20, basi ugonjwa ukarithiwa. Tena ukazidi, kwa kuwa chipu ya picha huisimamisha prosesa kila mara ili ichore skrini, na mwendo wa waya ukabidi upunguzwe. Zilipita baiti kama 400 kwa sekunde. Programu ya kilobaiti 40 ilingojewa karibu dakika mbili.

Sasa tazama werevu wa watu. Kisoma diski cha Commodore 64, yaani 1541, kilikuwa chenyewe kompyuta, kina prosesa ya 6502 na kumbukumbu ya kilobaiti 2. Waandishi wa programu wakaanza kukipelekea maagizo yao kwa waya uleule, nacho kikayatekeleza, pande mbili zikapokezana biti kwa utaratibu mpya kabisa. Katriji ya Epyx Fast Load ilitoka 1984, na michezo mingi ikaja na mbinu zake yenyewe. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha ukoo: kasi ikapanda mara kadhaa, na hakuna aliyeshika chuma cha kulehemu.

Commodore 128 ya 1985, pamoja na kisoma diski cha 1571, ikapata waya wa kasi kutoka kiwandani.

Siku hizi SD2IEC, kifaa kinachoshika nafasi ya kisoma diski, huchomekwa kwenye tundu lilelile, ikaitika kwa namba 8 kama kisoma diski na kusoma kadi ya SD. Lakini michezo mingi yenye mbinu zake huigomea, kwani humo ndani hamna 6502 ya kupokea maagizo. Ndiyo maana Pi1541, programu inayokaa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, huiga prosesa ya kisoma diski hatua kwa hatua, na michezo hiyo huipokea.